SIMU YA MZAZI ALIYEBAKI KINYAMASEKE



Wengi wenu mlivuka mpaka pale Mpondwe, mkapumzika siku chache Bwera au Kinyamaseke, kisha magari yakawaleta Rwamwanja, Kyaka II au penginepo. Lakini wazee hawakuja wote. Baba au mama mwenye miaka sabini aliona kwamba safari imemtosha. Upande wa Kasese alikuta watu wanaosema Lhukonzo, lugha inayosikilizana na Kinande chake, pengine akakuta na ndugu wa ukoo, akaomba abaki. Sasa kati yako na yeye kuna kitu kimoja tu, nacho ni simu.

Watu wanatuuliza: nimnunulie mama simu gani? Nimwekee kifurushi gani? Je, wakati umefika wa kumpa simu ya kugusa kioo? Maswali haya yanaonekana madogo. Lakini mzee asipopatikana siku tatu, mtoto wake hulala macho wazi, na siku ya nne hupanda gari hadi Kinyamaseke kwa pesa ya chakula cha mwezi, kumbe betri ilikwisha tu. Ndiyo sababu tumeandika karatasi hii. Hatutaandika bei za makampuni, kwa kuwa hubadilika kabla wino haujakauka. Tutaeleza namna ya kuchagua.

ANZA NA JINA, SI NA SIMU

Watu wengi huanza kwa kutazama simu dukani. Sisi tunasema: uliza kwanza laini itaandikishwa kwa jina la nani.

Tunamfahamu mama mmoja aliyepewa laini na kijana wa pikipiki siku alipofika. Kijana alikuwa na moyo mwema, akaiandikisha kwa kitambulisho chake mwenyewe. Miaka miwili watoto walimtumia mama pesa kwa namba ile. Siku simu ilipoanguka mtoni, mama alienda kuomba laini nyingine yenye namba ile ile, akaambiwa aje mwenye jina. Mwenye jina alikuwa amekwenda kutafuta kazi, hajulikani wapi. Pesa zilizokuwa ndani zilibaki pale pale. Na watoto waliokuwa mbali hawakuwa na namba nyingine ya kumtafutia.

Kabla ya Agosti 2019 jambo hili lilikuwa la kawaida, kwa sababu makampuni yalidai kitambulisho cha taifa ambacho mkimbizi hana. Mwezi huo Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) ilitoa agizo kwamba mkimbizi aweze kuandikishwa kwa kitambulisho cha mkimbizi, au kwa karatasi ya familia ambayo wengi huiita atestesheni, zote zikitolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Kwa hiyo ikiwa mzee wako ana mojawapo, hakuna sababu ya laini yake kukaa kwa jina la mtu mwingine. Nendeni naye kwenye duka la kampuni lenyewe, akiwa na karatasi ya asili, si kopi.

Je, ikiwa mzee hakuandikishwa OPM? Basi hana karatasi hiyo, na jambo la kwanza ni kuuliza juu ya kuandikishwa, maana kukosa karatasi kutamsumbua katika mengi kuliko simu. Kwa sasa, afadhali laini iwe kwa jina lako wewe mtoto kuliko kwa jina la jirani. Lakini elezea kampuni kwamba itatumiwa na mzazi wako, na ujue mambo mawili: wewe ndiwe utakayeulizwa kwa lolote litakalofanyika kwa laini hiyo, na ikipotea ni wewe utakayefunga safari kwenda kuomba nyingine. Tena, ikiwa jina lako limo katika orodha ya kuhamia nchi ya tatu, usiache jambo hili hadi wiki ya kuondoka. Ukishafika Kanada hutaweza kusimama dirishani Kasese kumwombea mama laini mpya.

Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa huzimwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Kama mzee hupokea tu na hapigi kamwe, mwombe apige au atume ujumbe mara moja kila mwezi.

MTANDAO HUCHAGULIWA NYUMBANI KWA MZEE

Usichague mtandao kwa sababu ndio unaoutumia wewe kambini. Mawimbi ya simu husafiri karibu na mstari ulionyooka, na milima ya Rwenzori haisogei kuyapisha. Kinyamaseke senta, kando ya barabara ya kwenda Bwera, simu hushika vizuri. Lakini mzee akiwa juu kwenye mabonde ya Kyarumba au Kyondo, mlima mmoja waweza kumficha mnara kabisa, na nyumba ya pili, hatua mia mbili kutoka hapo, ikawa na mawimbi kamili.

Njia ya kujua ni rahisi. Mwombe mtu wa nyumbani asimame na simu mahali mzee anapolala, si uwanjani, apige kwa MTN, kisha kwa Airtel. Ajaribu asubuhi na ajaribu saa mbili usiku, wakati watu wengi wanapiga. Mtandao unaosikika vizuri kitandani ndio mtandao wa mzee. Watoto wote wafuate huo, hata kama ni lazima mnunue laini ya pili. Kumbukeni kwamba ukibadilisha mtandao namba nayo hubadilika: 077, 078 na 076 ni za MTN, 070, 074 na 075 ni za Airtel. Kumbadilishia mzee namba ni kazi kubwa kuliko vijana wanavyodhani. Namba yake iko kwa ndugu wa Beni, kwa watu wa kanisa, na imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni.

Kwa wale ambao wazazi wao wako Bwera na Mpondwe kuna jambo la ziada. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na minara ya Kongo haijui mpaka. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao yaweza kuruka na kushika mnara wa upande wa pili. Jina la mtandao kwenye kioo hubadilika, na unite hukatwa kwa bei ya nje, pengine hata kwa kupokea. Ingia katika mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, uchague mwenyewe badala ya kuiacha ijichagulie. Mzee anayehitaji kusema na ndugu wa Kongo kila wiki apewe simu ya laini mbili, moja ya Uganda na moja ya Kongo. Kupiga kutoka namba ya +256 kwenda +243 ni kupiga nchi ya nje, hata kama unayempigia unaona moshi wa jiko lake.

KIFURUSHI NI CHAKO, SI CHAKE

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Uganda anayelipa ni anayepiga. Anayepokea akiwa nchini halipi kitu. Sasa jiulize: katika mazungumzo yenu nani hupiga? Kama ni wewe, basi kumwekea mama kifurushi cha dakika mia mbili ni kumwagia maji mtungi uliojaa. Dakika zitakwisha muda wake zikiwa hazijaguswa. Anayehitaji kifurushi ni wewe. Mama anahitaji unite chache za kawaida, zisizo na siku ya kuisha, ili aweze kupiga siku ya homa au kukubipu.

Baada ya hapo, piga hesabu. Tuseme kifurushi cha siku moja ni shilingi 500 kwa dakika 10, na cha mwezi ni shilingi 10,000 kwa dakika 200. Hizi ni namba za mfano tu. Ukiwa unampigia mzee Jumatano na Jumapili, dakika nane kila mara, utanunua kile cha siku mara nane au tisa kwa mwezi, yaani shilingi 4,500 kwa wingi. Ukinunua cha mwezi utalipa 10,000 na kutumia dakika 72 kati ya 200. Cha mwezi kinaonekana cha mtu mwenye akili, lakini kwako ni hasara. Kama unampigia kila siku dakika tano, hesabu inageuka: vya siku ni 15,000, cha mwezi ni 10,000, na dakika 150 zinakutosha. Andika kwenye karatasi kwa wiki mbili ni mara ngapi unampigia kweli. Wengi wetu tukiandika tunaona aibu kidogo.

Kabla ya kununua uliza mambo matatu: dakika hizi ni za mtandao mmoja au wote? Zinaisha lini, baada ya saa 24 au saa sita usiku leo? Je, kifurushi kitajinunua tena chenyewe? Hilo la mwisho ndilo linalowaliza wazee. Mzee anawekewa shilingi 2,000, asubuhi hakuna kitu, anadhani wajukuu wameiba. Pengine ni kifurushi kinachojirudia. Pengine ni unite za mkopo alizokubali bila kujua, maana alibonyeza tu kitufe ili maneno yaondoke kwenye kioo, na mkopo hulipwa kwanza pamoja na ada yake. Pengine ni huduma ya nyimbo au ya utabiri aliyoandikishwa kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kumgombeza mtoto yeyote, piga 100, namba ya wateja ya MTN na ya Airtel pia, uombe kusomewa ni nini kilichokata na kiondolewe.

Wazee wengine bado huuliza kadi ya kukwangua. Kadi hizo zilikatazwa na UCC mwaka 2018, na siku hizi unite hutumwa kwa simu. Hii ni nafuu kwako uliye mbali, kwa sababu waweza kumtumia kutoka kambini bila kumsumbua kutembea hadi senta.

SIMU YENYEWE

Kwa mzee anayetaka kupiga na kupokea tu, simu ya vitufe yenye tochi bado haijapata mpinzani. Betri yake hukaa siku kadhaa, na mahali ambapo kuchaji ni kumpelekea mtu wa duka na kulipa kila mara, hilo ni jambo kubwa. Ikianguka haipasuki. Usiku inamulika njia ya choo. Ina redio, ingawa nyingi hudai uchomeke waya wa masikioni ndipo ishike stesheni, basi nunua na waya.

Lakini simu za vitufe si sawa zote. Usinunue kwa kutazama picha kwenye boksi. Kama mzee yuko karibu, mpeleke dukani, afanye mwenyewe. Je, anaisoma namba kwenye kioo akiwa kwenye jua? Kidole chake kinabonyeza kitufe kimoja au viwili kwa pamoja? Mlio anausikia akiwa amegeuka nyuma? Mpigie hapo hapo dukani, usimame mbali, umsemeshe kwa sauti ya kawaida. Simu ambayo kijana anaisikia vizuri yaweza kuwa bubu kwa sikio la miaka sabini na tano.

Kisha mwekee njia ya mkato. Katika simu nyingi za vitufe unaweza kufunga namba moja kwa kila kitufe kuanzia 2 hadi 9. Mzee asiyejua kusoma hubonyeza kitufe na kukishikilia, simu inapiga. Weka 2 kwa mtoto wa kwanza, 3 kwa wa pili, 4 kwa jirani mwenye pikipiki. Bandika alama ya rangi juu ya kila kitufe. Na uandike namba hizo pia kwenye kipande cha karatasi, kikae ndani ya sanduku lake la nguo. Simu ikipotea, karatasi inabaki.

Ukinunua simu iliyotumika, bonyeza *#06#. Namba ndefu itakayotokea ni namba ya simu yenyewe, nayo ifanane na ile iliyo kwenye boksi au chini ya betri. Dai risiti yenye namba hiyo na jina la muuzaji. Kama muuzaji ni mtu wa kawaida, andikianeni mbele ya mwenyekiti wa LC1, au wa kamati ya wakimbizi ikiwa ni kambini. Simu ya wizi ikifuatiliwa, polisi humkuta anayeishika. Usikubali mtu huyo awe baba yako.

LINI KUMPA SIMU YA KUGUSA KIOO?

Usimpe kwa sababu jirani amempa mama yake. Mpe ikiwa kuna kitu anachokitaka ambacho vitufe haviwezi: kuwaona wajukuu walio Australia, au kusikiliza ujumbe wa sauti. Huu wa mwisho tunausifu. Mzee asiyeandika anabonyeza, anasema, anaachia. Nawe unamsikia unapopata muda. Kwa wazee wengi hili lina faida kuliko picha.

Angalieni simu za zamani za bei nafuu. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo ya zamani kuliko 5.0. Muuzaji akisema "ina WhatsApp", mwambie aifungue mbele yako na atume ujumbe. Halafu zima ile tabia ya simu kupakua picha na video zenyewe, kwa sababu kundi moja la ukoo laweza kula kifurushi cha wiki kwa usiku mmoja. Kwa mzee anayetumia kidogo, tafuteni vifurushi vya data visivyo na siku ya kuisha.

Kuna simu za mkopo zinazolipwa kidogo kidogo. Hatuzikatazi, ila jumlisheni kwanza. Tuseme unatanguliza 100,000, kisha 1,500 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 547,500, na jumla 647,500. Kama simu ile ile ni 400,000 kwa pesa taslimu, tofauti ni karibu robo milioni. Tena ukichelewa kulipa, simu hufungwa. Kwa kijana ni usumbufu tu, lakini kwa mzee anayeishi peke yake ni kukatwa mawasiliano.

Hata ukimpa simu mpya, usimnyang'anye ile ya vitufe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Waliozoea WhatsApp tu walinyamaziana. Simu za kawaida na ujumbe mfupi viliendelea.

PESA NA NAMBA YA SIRI

Sehemu hii isomeni mara mbili, kwa sababu hapa mzee anaweza kupoteza kila kitu kwa dakika moja.

Mzee akishindwa kubonyeza, humpa wakala simu pamoja na namba ya siri. Wakala wengi ni waaminifu, lakini foleni nayo ina masikio. Kaeni naye siku nzima mumfundishe njia moja tu, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, mpaka vidole vijue. Kama haiwezekani, chagueni mtu mmoja wa nyumbani ambaye familia nzima imemkubali, na pesa itumwe ukijua atakuwapo siku hiyo. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala isiandikwe nyuma ya simu. Tumeziona nyingi hapo.

Mkumbushe mzee kwamba mtu akipiga na kusema "nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie", asirudishe kitu. Akate simu na kuwaita watoto. Mtu akisema anatoka shirika la misaada, na kwamba jina la mzee litafutwa asipotoa namba ya siri au asipolipa ada, huyo ni mwizi. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure, na hakuna mfanyakazi anayehitaji namba ya siri ya mtu.

Kuhusu kutoa pesa: ada huenda kwa madaraja, hivyo kutoa mara nne kidogo kidogo kwa kawaida hugharimu kuliko kutoa mara moja. Juu ya ada kuna kodi ya asilimia 0.5 iliyowekwa mwaka 2018, yaani shilingi 500 kwa kila 100,000 unayoitoa. Ukimtumia mama 100,000 ili alipe deni la 100,000, hatalimaliza. Ongeza ya kutolea.

Kwa simu ya kupeleka ng'ambo, Beni au Butembo: ile kodi ya Kongo iliyoitwa RAM, iliyokuwa ikikatwa kwenye unite tangu 2020, iliondolewa mwaka 2022. Anayekuambia umlipe pesa "ya RAM" ili simu ya baba yako ifanye kazi, anakula pesa yako.

Ukiwa na tatizo la karatasi za OPM, au mtu akikudai malipo kwa jina la shirika, piga 0800 323232. Ni bure, na unaweza kueleza kwa Kiswahili. Mfundishe mzee namba hiyo pia, au ifunge kwenye kitufe cha 9.